Kutengeneza alama ya vinasaba ya ngano: mfano wa ukinzani dhidi ya kutu ya shina

Mtafiti chipukizi anayetaka kutengeneza alama ya vinasaba ya ngano mara nyingi hukimbilia maabara, ilhali sehemu kubwa ya kazi hiyo huamuliwa shambani kabla jani la kwanza halijachumwa. Katika Afrika Mashariki, shamba linalohusika zaidi ni lile la Njoro, katika Kaunti ya Nakuru, lililo kwenye mwinuko wa karibu mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Ubaridi wa eneo hilo, umande wake na kule kupandwa ngano ya majaribio misimu miwili kwa mwaka huifanya kutu ya shina, ugonjwa wa ngano unaoletwa na kuvu, isikose mwenyeji. Tangu mwaka 2005 kituo cha utafiti cha Njoro, kwa kushirikiana na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha kuboresha mahindi na ngano, kimekuwa kikipokea mbegu kutoka nchi nyingi ili zijaribiwe dhidi ya mbari za kuvu zijulikanazo kwa jumla kama Ug99. Mwongozo huu unafuata njia ya kutengeneza alama moja ya jeni ya ukinzani dhidi ya kutu hiyo, kuanzia uchaguzi wa wazazi hadi alama yenyewe inapokabidhiwa mboreshaji wa mbegu. Anayeshughulikia sifa nyingine, kama vile ubora wa unga au urefu wa shina, atapita njia hiyohiyo, ila vipimo vya shambani ndivyo vitakavyobadilika.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini alama yenyewe inahitajika. Kuvu huyo alipatikana Kalengyere, kusini-magharibi mwa Uganda, mwaka 1998, na jina la Ug99 likatokana na nchi hiyo na mwaka 1999. Kilichowashtua wataalamu ni kwamba alikuwa ameishinda jeni ya ukinzani Sr31, iliyotolewa kwenye shayiri nyeusi, yaani rai, na kuingizwa katika ngano nyingi sana duniani. Alionekana Kenya mwaka 2001 na Ethiopia mwaka 2003, kisha akavuka bahari hadi Yemen mwaka 2006. Mwaka huohuo mbari mpya ya ukoo wake iliyoishinda Sr24 ilipatikana nchini Kenya, na mwaka 2007 ikaonekana nyingine iliyoishinda Sr36. Kutokana na hayo, waboreshaji wa mbegu walikubaliana kwamba ngano isitegemee jeni moja bali irundikiwe jeni kadhaa kwa pamoja. Tatizo ni kwamba jicho haliwezi kuhesabu jeni. Mmea wenye jeni moja yenye nguvu na mmea wenye jeni tatu huonekana sawa shambani, wote wakiwa safi, na tofauti yao haijulikani mpaka kuvu abadilike. Alama ya vinasaba huonyesha kilichofichwa nyuma ya usafi huo.

Alama ya vinasaba ni tofauti ndogo katika mfuatano wa DNA, ambayo mara nyingi ni herufi moja tu, iliyo ndani ya jeni inayotafutwa au karibu nayo kiasi kwamba hurithiwa pamoja nayo. Neno la kuangaliwa hapa ni "karibu". Alama iliyo umbali wa sentimogani 5 (kipimo cha umbali wa kurithiana kwenye kromosomu) kutoka kwenye jeni hutengana nayo katika takriban asilimia 5 ya chembe za uzazi. Asilimia hiyo yaonekana ndogo, lakini uzao ukirudishwa kwa mzazi mara tatu, uwezekano wa alama na jeni kubaki pamoja hushuka hadi karibu asilimia 86. Kwa hiyo, katika kila mimea saba iliyochaguliwa kwa alama hiyo, mmoja hivi hauna jeni iliyokusudiwa. Ukiwa na alama mbili, moja kila upande wa jeni, kosa la namna hiyo huwa nadra sana, kwa sababu kromosomu lazima ikatike pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Mmea wenye jenomu tatu

Anayetoka katika kazi ya mpunga au mtama na kuingia katika ngano hukutana na ugumu ambao hakuuzoea. Ngano ya mkate ina kromosomu 42, yaani jozi 21, zilizogawanyika katika seti tatu zinazoitwa A, B na D. Seti A ilitoka kwa nyasi ya mwituni Triticum urartu, seti B ilitoka kwa jamaa wa Aegilops speltoides, na seti D ilitoka kwa Aegilops tauschii, aliyejiunga na ngano iliyokwisha kulimwa yapata miaka 10,000 iliyopita. Jumla ya DNA hiyo ni takriban jozi bilioni 16 za herufi, zaidi ya mara tano ya ile ya binadamu, na karibu asilimia 85 yake ni mifuatano inayojirudiarudia. Jeni nyingi zina nakala tatu, moja katika kila seti, na nakala hizo hufanana kwa zaidi ya asilimia 95 katika sehemu zinazotengeneza protini.

Matokeo yake kwa mtengenezaji wa alama ni kwamba kipimo kisichoandaliwa kwa uangalifu kitasoma nakala zote tatu pamoja. Tuseme tofauti unayoitafuta ni herufi A dhidi ya G katika seti D, wakati seti A na B zina herufi A katika mimea yote. Mmea mmoja utakuwa na nakala sita za A, na mwingine nakala nne za A na mbili za G. Badala ya kuona makundi mawili yaliyo mbali mbali, utaona makundi yaliyobanana, na mmea chotara utaangukia katikati ya pengo hilo dogo. Mbaya zaidi ni pale tofauti yenyewe inapokuwa kati ya seti na seti, si kati ya mmea na mmea. Hapo kila mmea huonekana chotara, na kipimo hakikwambii lolote. Kwa miaka mingi nimeona vipimo vya namna hii vikihifadhiwa kwenye orodha za maabara kwa matumaini kwamba "labda vitafanya kazi kwa mimea mingine". Havitafanya.

Rasilimali ya kwanza ya kukusaidia ni jenomu rejea, yaani mfuatano kamili wa DNA wa kulinganishia, ya aina ya ngano iitwayo Chinese Spring, iliyochapishwa na IWGSC, muungano wa kimataifa wa kusoma jenomu ya ngano, mwezi Agosti mwaka 2018, ikiwa na jeni 107,891 zilizothibitishwa kwa kiwango cha juu. Toleo la kwanza lilifuatwa na toleo la 2.1 mwaka 2021, na mahali pa herufi ileile hutofautiana kati ya matoleo hayo. Kwa hiyo usiandike kamwe namba ya mahali pasipo kutaja toleo. Mwaka 2020 zilichapishwa jenomu za aina nyingine zaidi ya kumi kutoka mabara mbalimbali, nazo zimesaidia sana, kwa sababu Chinese Spring haina kila kitu. Sehemu ya rai inayobeba Sr31 haimo ndani yake, wala kipande cha nyasi Thinopyrum kinachobeba Sr24. Ukitafuta jeni ya namna hiyo kwa kulinganisha na Chinese Spring peke yake, utakuwa unatafuta sindano katika nyumba ambayo haikuingia.

Wazazi, uzao na kipimo cha shambani

Chagua mzazi mmoja mwenye ukinzani ulioonekana Njoro kwa misimu isiyopungua miwili, na mwingine anayeshambuliwa vibaya, ila wafanane kadiri iwezekanavyo katika muda wa kukomaa na urefu. Mimea inayochelewa kukomaa hukutana na kutu nyingi zaidi, na ile inayowahi huiponyoka. Ukiwachanganya wazazi waliotofautiana kwa majuma matatu, huenda ukaishia kutengeneza alama ya muda wa kutoa masuke huku ukiamini umepata ya ukinzani. Kosa hili ni la kawaida kuliko linavyokiriwa.

Kisha tengeneza uzao. Mimea ya kizazi cha pili, F2, hupatikana haraka, lakini kila mmea ni wa pekee na hauwezi kupandwa tena katika msimu mwingine ukiwa uleule. Nasaba zilizojichavusha zenyewe hadi kizazi cha sita huchukua muda, ila mbegu zake hudumu na majaribio yanaweza kurudiwa. Njia ya tatu ni nasaba rudufu. Chotara la ngano huchavushwa kwa chavua ya mahindi, kromosomu za mahindi hupotea, kiinitete chenye seti nusu huokolewa katika chupa, kisha kromosomu zake hurudufishwa kwa kemikali ya kolkisini. Kwa njia hii nasaba safi kabisa hupatikana ndani ya takriban mwaka mmoja. Kama maabara yako ina uwezo huo, ichague njia hii. Nasaba 180 hadi 190 zinatosha kuanzia, nazo hujaza visahani viwili vya visima 96 pamoja na wazazi na visima vya maji.

Shambani, zungushia majaribio mistari ya ngano inayoshambuliwa kwa urahisi, ambayo itapokea vimelea kwanza na kuvisambaza. Soma kutu angalau mara tatu, kuanzia pale ngano dhaifu inapofikia asilimia 50 hivi. Kila usomaji una sehemu mbili. Ya kwanza ni ukali, yaani asilimia ya shina lililofunikwa kwa kipimo cha Cobb kilichorekebishwa, na ya pili ni namna mmea ulivyoitikia: R kwa ukinzani, MR kwa ukinzani wa wastani, MS kwa udhaifu wa wastani na S kwa udhaifu kamili. Mwitikio hugeuzwa namba kwa kuzidisha ukali kwa 0.2, 0.4, 0.8 au 1.0 kwa mpangilio huo. Mmea uliosomwa 60MS hupata 48, na uliosomwa 30MR hupata 12.

Usomaji mmoja wa mwisho hautoshi, hasa kwa jeni zinazochelewesha ugonjwa bila kuuzuia kabisa. Chukua mimea miwili iliyosomwa kila baada ya siku 10. Wa kwanza umesomwa 5, 20 na 50, wa pili 0, 5 na 50. Wote wameishia 50, lakini ukikokotoa eneo lililo chini ya mstari wa ugonjwa, kwa kuchukua wastani wa kila jozi ya usomaji na kuuzidisha kwa siku zilizopita kati yake, wa kwanza unapata 475 na wa pili 300. Tofauti hiyo ndiyo inayobebwa na jeni kama Sr2, iliyoingizwa katika ngano ya mkate na mboreshaji wa mbegu wa Marekani, McFadden, kutoka katika ngano aina ya ema iitwayo Yaroslav mwanzoni mwa karne iliyopita, na ambayo mpaka leo haijashindwa kabisa. Ajabu ya Sr2 ni kwamba kwa muda mrefu waboreshaji waliitambua kwa weusi unaojitokeza kwenye magamba ya suke na kwenye shina. Weusi huo ulikuwa alama kabla ya alama, ingawa jua na ubaridi huweza kuuficha.

Pamoja na shamba, jaribu miche ndani ya banda kwa mbari moja ya kuvu inayojulikana, ukisoma mwitikio kwa kipimo cha 0 hadi 4. Shambani kuna mchanganyiko wa mbari, na jeni inayofanya kazi dhidi ya moja yaweza kufichwa na nyingine iliyoishinda. Andika kila mara mbari iliyotumika na msimu.

Hesabu inayotangulia maabara

Kabla ya kutoa DNA, jiulize ni jeni ngapi zinatenda katika uzao wako. Kwa nasaba rudufu, jeni moja hutoa nusu kwa nusu. Tuseme kati ya nasaba 180 umepata 97 zenye ukinzani na 83 dhaifu. Kwa jaribio la khi-mraba, matarajio ni 90 kwa 90, tofauti ni 7 kila upande, mraba wake ni 49, ukigawanya kwa 90 na kujumlisha pande zote mbili unapata takriban 1.09. Namba hiyo ni ndogo kuliko 3.84, kikomo cha asilimia 5 kwa uhuru wa daraja moja, kwa hiyo jeni moja inakubalika. Lakini ukipata 135 kwa 45, usiseme jeni moja kwa sababu tu umekariri darasani kwamba tatu kwa moja ni jeni moja. Uwiano huo ni wa F2. Katika nasaba rudufu, tatu kwa moja humaanisha jeni mbili ambazo kila moja yatosha kuukinga mmea, na alama yoyote utakayoipata itaeleza sehemu tu ya ukinzani.

Kama data haigawanyiki katika makundi, bali inatiririka kutoka sifuri hadi mia, usiilazimishe. Itumie kama kipimo endelevu, na utafute maeneo ya kromosomu yanayochangia kwa programu kama R/qtl au IciMapping.

Kutoa DNA na kutafuta tofauti

Kuhusu utoaji wa DNA sitasema mengi, kwa kuwa kila maabara ina mapishi yake. Chuma jani changa la mche wa wiki mbili, kwa kuwa jani kuukuu lina sukari na fenoli nyingi. Njia ya CTAB kwenye nyuzijoto 65, klorofomu, isopropanoli na kusuuza kwa ethanoli ya asilimia 70 hutosha, mradi RNA iondolewe. Uwiano wa usomaji wa mwanga wa nanomita 260 kwa 280 uwe karibu na 1.8, na vipimo vyote visawazishwe kwa wingi uleule, kwa sababu tofauti ya wingi ndiyo chanzo cha makundi yaliyotapakaa kwenye picha ya mwisho. Palipo na uhaba wa vifaa, majani yaliyokaushwa kwa jeli ya silika hutumwa katika maabara ya huduma, na gharama mara nyingi huwa ndogo kuliko kununua kemikali kidogo kidogo.

Kutafuta tofauti kuna njia kadhaa, na uchaguzi hutegemea fedha zaidi kuliko sayansi. Chipu ya tofauti 90,000, iliyotangazwa mwaka 2014, husoma tofauti zilizokwisha kujulikana, na uchanganuzi wake ni rahisi kiasi. Njia ya kukata DNA kwa vimeng'enya viwili, PstI na MspI, kisha kusoma vipande vilivyo karibu na mikato, ni nafuu na huona tofauti mpya, ila huacha mapengo mengi ya data. Kwa jeni moja yenye nguvu, njia ninayoipenda ni ya mafungu. Changanya DNA ya nasaba kumi zenye ukinzani mkubwa kabisa katika fungu moja, na ya nasaba kumi dhaifu kabisa katika fungu la pili, kisha usome mafungu hayo mawili pamoja na wazazi. Mahali pasipohusiana na jeni, uwezekano wa nasaba zote kumi kubeba aleli, yaani toleo la jeni, ya mzazi mmoja kwa bahati ni 1 kati ya 1,024 tu, kwa hiyo mahali penye tofauti kamili kati ya mafungu panastahili kuchunguzwa. Fungu likiingiliwa na nasaba moja tu iliyosomwa vibaya shambani, picha yote huchafuka. Ndiyo maana nasaba za katikati huachwa nje, hata kama unasikitika kupoteza data.

Uzao wa nasaba rudufu una faida nyingine ambayo wengi hawaitumii. Kwa kuwa hakuna chotara ndani yake, tofauti yoyote inayoonyesha machotara wengi ni ya uongo, yaani imesoma nakala za seti mbili kwa mara moja. Ifute. Futa pia tofauti zenye data pungufu kupita kiasi na zile ambazo wazazi wote wawili wana herufi moja. Baada ya kuchuja, chora ramani, kisha utafute mahali ambapo alama zinafungamana na ukinzani kwa alama ya LOD, kipimo cha nguvu ya ushahidi wa mfungamano, isiyopungua 3. Usishangae eneo hilo likiwa na mamilioni ya herufi. Katika ngano kromosomu hukatika na kubadilishana vipande zaidi karibu na ncha, na karibu na katikati hukatika mara chache mno, kwa hiyo jeni iliyo katikati ya kromosomu huwa imezungukwa na eneo kubwa lisilogawanyika. Kipande kilichotoka kwa rai au nyasi ya mwituni kwa kawaida hakikatiki mbele ya kipande cha ngano. Hilo huifanya alama isipotee, lakini pia huiburuta mizigo ya jirani isiyotakiwa.

Kugeuza tofauti kuwa kipimo cha KASP

Kipimo cha KASP, kinachosoma tofauti ya herufi moja kwa rangi, kinatumia vianzishi vitatu, yaani vipande vifupi vya DNA ambavyo unakili huanzia hapo. Viwili vinaishia kwenye herufi inayotofautiana, kimoja kwa kila aleli, na kila kimoja kina mkia wake unaoamsha rangi ya FAM au ya HEX. Cha tatu ni cha pamoja na kinatoka upande wa pili. Katika ngano, hicho cha pamoja ndicho kinachoamua kama kipimo kitafanya kazi. Chukua mfuatano wa herufi 100 hivi kila upande wa tofauti yako, uulinganishe na seti zote tatu za Chinese Spring, na uzipange nakala hizo moja chini ya nyingine. Tafuta mahali ambapo seti yako ina herufi tofauti na nyingine mbili, na uhakikishe kwamba herufi ya mwisho kabisa ya kianzishi cha pamoja inaangukia hapo, kwa sababu kimeng'enya hakiwezi kurefusha kianzishi ambacho mwisho wake haujashika. Programu ya bure iitwayo PolyMarker hufanya kazi hiyo kwa mifuatano mingi kwa mpigo. Itumie, kisha uhakikishe kwa macho yako mwenyewe, hasa kwa kuitazama jenomu ya aina iliyo karibu na mzazi wako, si Chinese Spring tu. Kipande kitakachonakiliwa kisizidi herufi 120 au hivi.

Andaa mchanganyiko wa vianzishi kwa kuchukua mikrolita 12 za kila kianzishi cha aleli na mikrolita 30 za kianzishi cha pamoja, vyote vikiwa mikromola 100, na kuongeza maji mikrolita 46. Katika kila kisima cha kisahani cha 384 weka ujazo wa mikrolita 5 wenye nanogramu 20 hadi 50 za DNA, kwani jenomu kubwa hudai DNA nyingi zaidi. Anza na nyuzijoto 94 kwa dakika 15, halafu mizunguko 10 ya nyuzijoto 94 kwa sekunde 20 na dakika moja inayoanzia nyuzijoto 61 na kushuka kwa 0.6 kila mzunguko hadi 55, kisha mizunguko 26 ya nyuzijoto 94 na 55. Kisahani kisomwe kikiwa kimepoa chini ya nyuzijoto 40, vinginevyo rangi hupotosha. Makundi yakiwa bado hayajaachana, ongeza mizunguko mitatu na usome tena kabla hujalaumu vianzishi.

Usisahau visima vya kudhibiti: wazazi wawili, mchanganyiko wa DNA zao kwa wingi sawa unaoigiza chotara, na maji matupu. Kisima cha maji kikitoa rangi, matokeo yote ya kisahani hicho ni ya kutupwa. Ili kuthibitisha kwamba kipimo kinasoma kromosomu moja tu, tafuta mbegu za Chinese Spring zilizopungukiwa na kromosomu nzima, zilizotengenezwa na Ernie Sears nchini Marekani, ambazo bado hupatikana katika hazina za mbegu. Kipimo cha kromosomu 3B kisitoe chochote katika mmea usiokuwa na 3B. Kikitoa, kinasoma mahali pengine.

Jeni iliyotoka nje ya ngano mara nyingi haina aleli pinzani, kwa hiyo kipimo chake huonyesha kuwapo au kutokuwapo tu. Kwa kipimo kama hicho weka jozi nyingine ya vianzishi vya jeni iliyo katika kila ngano ndani ya kisima hichohicho. Bila hiyo, huwezi kutofautisha mmea usio na jeni na DNA iliyoharibika.

Kuithibitisha nje ya uzao wake

Alama iliyofanya kazi kikamilifu katika uzao mmoja bado haijawa alama ya mboreshaji wa mbegu. Wazazi wawili ni sampuli ndogo mno. Herufi iliyoambatana na ukinzani kwao yaweza kuwa ya kawaida katika ngano nyingi dhaifu. Kisa cha Sr2 kinafundisha: alama ya zamani ya gwm533 ilikuwa karibu sana na jeni, lakini baadhi ya ngano zisizo na Sr2 zilionyesha kipande cha urefu uleule, mpaka ilipotengenezwa alama bora ya csSr2. Kwa hiyo kusanya angalau aina 50 hadi 100, zikiwemo zinazolimwa Kenya na Ethiopia, nasaba za CIMMYT na aina za zamani ambazo jeni zake zinajulikana, kisha uhesabu makosa mawili kando kando: zenye alama bila ukinzani, na zenye ukinzani bila alama. La kwanza ndilo linaloharibu kazi ya uteuzi. La pili mara nyingi humaanisha tu kwamba aina hiyo ina jeni nyingine.

Jeni ikishatengwa yenyewe, alama bora ni ile iliyo ndani yake. Lr34, ambayo pia huitwa Sr57 na hukinga dhidi ya kutu zote tatu za ngano, ilitengwa mwaka 2009. Aleli yake yenye ukinzani hutofautiana na ile dhaifu kwa mabadiliko machache tu, mojawapo likiwa kupungua kwa herufi tatu, na kipimo kilichojengwa juu ya badiliko hilo hakiwezi kutengana na jeni. Sr33 na Sr35 zilitengwa mwaka 2013, Sr22 na Sr45 mwaka 2016 kwa njia ya kusoma jeni za ukinzani peke yake katika mimea iliyobadilishwa kwa kemikali. Kabla ya kuanza kutafuta jeni "mpya", pima wazazi wako kwa alama za jeni hizi. Ni siku mbili za kazi, na zimewahi kumwokoa mwanafunzi mmoja ninayemfahamu aliyekuwa tayari kutoa jina jipya kwa jeni iliyokuwa na jina.

Alama pia haisemi kama jeni bado inafanya kazi. Aina ya Digalu ya Ethiopia ilikuwa na SrTmp, iliyoikinga dhidi ya Ug99, lakini katika msimu wa mwaka 2013 hadi 2014 iliangamizwa na mbari ya TKTTF, isiyokuwa hata ya ukoo wa Ug99. Alama ya SrTmp ingeendelea kusoma "ipo" katika kila shina lililofunikwa na kutu.

Unapomkabidhi mboreshaji wa mbegu alama, mpe karatasi moja yenye mfuatano wa vianzishi vyote vitatu, ikieleza ni rangi ipi inayoashiria ukinzani, mahali pake na toleo la jenomu, orodha ya aina zilizopimwa na makosa yaliyoonekana, pamoja na mbari za kuvu ambazo ukinzani ulipimwa dhidi yake na misimu husika. Ambatanisha vijichupa viwili vya DNA ya wazazi na gramu chache za mbegu zao, zilizoandikwa kwa penseli kwenye bahasha ya karatasi, kwa sababu wino wa kalamu hufutika ndani ya friji.